Tezi Dume na Mtumishi Wake: Somo kwa Wanaume na Jamaa Zao

Somo la leo lahusu kiungo ambacho wanaume wengi hawapendi kukitaja. Mtu akiumwa na jino, husema mbele ya watu wote sokoni Marabo. Akiumwa na kichwa, humwomba jirani dawa. Lakini mzee akishindwa kukojoa hunyamaza. Hunywa mizizi usiku, na mke wake hajui neno mpaka siku ile anapoletwa hospitali juu ya pikipiki, tumbo limejaa kama ngoma. Kwa sababu ya aibu hiyo watu hufa. Basi tutasema wazi, lakini kwa heshima. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe.

1. WAZEE WAWILI

Nawakumbuka wazee wawili. Sitataja majina yao wala vijiji vyao.

Wa kwanza alikuwa mkulima wa muhogo. Mgongo ulimwuma mwaka mzima, naye akasema, "Ni jembe." Alichanjwa, akapakwa dawa, akanunua vidonge vya maumivu sokoni. Mchana maumivu yalipungua, usiku yalizidi. Siku moja asubuhi miguu yake ilikataa kusimama. Ndipo alipoletwa kwetu. Daktari aligusa tezi dume yake, nayo ilikuwa ngumu kama jiwe. Saratani, yaani kansa, ilikuwa imetoka katika tezi na kuingia katika mifupa ya mgongo. Tulimsaidia maumivu yapungue, lakini hakutembea tena.

Mzee wa pili alisikia habari za huyo wa kwanza, akashikwa na hofu. Akasafiri kwenda mjini kupima damu. Karatasi ikaonyesha hesabu iliyopita kiasi. Basi akauza mbuzi zake, akawagawia wanawe mashamba, akakaa kungoja kufa. Mke wake ndiye aliyemleta kwetu, kwa sababu alikuwa na homa na mkojo ulimchoma. Tulipopima mkojo tulikuta usaha. Tezi yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa vijidudu. Alipewa dawa ya kuua vijidudu majuma manne. Baada ya miezi miwili damu ilipimwa tena, na hesabu ilikuwa imeshuka mahali pake. Mzee huyo angali analima hata leo, ila mbuzi hazikurudi.

Angalieni basi. Mmoja aliumia kwa kuwa hakupima. Mwingine aliumia kwa kuamini karatasi moja. Somo letu liko katikati ya wazee hawa wawili. Tukielewa namna tezi dume inavyofanya kazi, na ni kitu gani kinachopimwa katika damu, hatutaanguka huku wala huku.

2. TEZI DUME NI NINI?

Tezi dume ni kiungo kidogo, kama ndimu ndogo kwa ukubwa. Kipo chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya tumbo kubwa la haja. Wanaume tu ndio walio nacho. Njia ya mkojo hupita katikati ya tezi hiyo, kama kijito kinavyopita kati ya mawe mawili. Mawe yakikua, kijito hubanwa. Ndiyo sababu wanaume wengi wakizeeka hukojoa pole pole, huamka mara nyingi usiku, na huona kwamba mkojo haujaisha. Kukua huko kwa uzee si saratani. Huwapata wazee wengi mno.

Kazi ya tezi dume ni kutengeneza sehemu ya maji ya manii, ambayo husaidia mbegu za kiume. Katika maji hayo kuna vitu vingi. Leo tutatazama kimoja, kwa maana ndicho kilichowafungulia waganga mlango wa kuijua saratani ya tezi dume.

3. MTUMISHI WA TEZI DUME

Kwanza yatupasa kujua neno hili: kimeng'enya. Chukua kipande cha muhogo uliopikwa, ukitafune pole pole bila kumeza. Baada ya muda utaonja utamu kidogo. Utamu huo watoka wapi? Katika mate yako kuna kitu kinachokata wanga wa muhogo na kuufanya kuwa sukari. Kitu cha namna hiyo huitwa kimeng'enya. Ni mtumishi wa mwili. Hukata au huunga vitu, kisha chenyewe hubaki vile vile, tayari kufanya kazi tena. Mwili una vimeng'enya maelfu, kila kimoja na kazi yake na mahali pake.

Kimeng'enya cha tezi dume tunachosema habari zake huitwa fosfatasi ya asidi. Kazi yake ni kukata kipande kiitwacho fosfati na kukiondoa katika vitu vingine. Huitwa "ya asidi" kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye ukali kidogo kama maji ya ndimu. Mwaka 1935 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Kutscher na Wolbergs, walionyesha kwamba tezi dume ya mtu ina kimeng'enya hiki kwa wingi sana.

Mtoto mdogo ana kidogo tu. Kijana akibalehe, homoni ya kiume itokayo katika korodani huiamuru tezi ikitengeneze kwa wingi. Lishikeni neno hili, maana tutalirudia: homoni ya kiume ndiyo inayoitawala tezi dume.

Katika mtu mwenye afya mtumishi huyu ana kazi kadha wa kadha.

Kazi ya kwanza ni katika manii. Hapo hukata kitu kiitwacho fosfokolini, na kutoa kolini ambayo hujaa katika maji hayo.

Kazi ya pili ni ndani ya chembe za tezi dume zenyewe. Humo ni kama mlinzi. Hutuliza amri za kukua, ili chembe zisizidi kuzaana ovyo. Wanasayansi wameona jambo la ajabu: katika chembe za saratani ya tezi dume, kimeng'enya hiki hupungua ndani. Mlinzi akiisha kuondoka langoni, chembe hukua bila kizuizi.

Kazi ya tatu haiko katika tezi dume kabisa. Mwaka 2008 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, huko Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya hiki kimo pia katika mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya maumivu. Huko hutengeneza kitu kiitwacho adenosini, ambacho hutuliza maumivu. Walipowadunga panya karibu na uti wa mgongo, maumivu yalipungua hata siku tatu, lakini mofini iliwatuliza kwa saa tano tu. Hayo yalikuwa majaribio ya panya, si dawa ya watu. Lakini yatufundisha kwamba kitu kimoja katika mwili chaweza kuwa na kazi zaidi ya moja, na kwamba jina la "tezi dume" halikukifunga mahali pamoja.

4. MTUMISHI AKIONEKANA BARABARANI

Sasa fikirini nyumba yenye mtumishi. Kila siku yumo ndani akifanya kazi, na majirani hawamwoni sana. Siku moja watu wamwona barabarani, kisha sokoni, kisha kila mahali. Watasema, "Kuna jambo nyumbani mle. Pengine ukuta umebomoka."

Ndivyo ilivyo na kimeng'enya hiki. Katika mtu mwenye afya karibu chote hubaki katika tezi na katika manii. Katika damu kimo kidogo sana. Mwaka 1938 huko New York, Alexander Gutman na Ethel Gutman walipima damu ya wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyoenea mwilini. Waliona kwamba fosfatasi ya asidi imepanda katika damu ya wengi wao. Ukuta ulikuwa umebomoka, na mtumishi alikuwa ametoka nje. Hiki kilikuwa kimoja cha vipimo vya kwanza kabisa vya damu vya kuonyesha saratani.

Kisha mwaka 1941 huko Chicago, daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walikitumia kipimo hicho kujibu swali kubwa. Walijua kwamba homoni ya kiume huitawala tezi dume. Wakajiuliza: je, tukiiondoa homoni hiyo, saratani itanyamaza? Waliwatoa wagonjwa korodani, au wakawapa dawa ya homoni ya kike. Kimeng'enya kikashuka katika damu. Wagonjwa wengi waliokuwa wakilia kwa maumivu ya mifupa walipata nafuu. Na walipowadunga wengine homoni ya kiume, kimeng'enya kikapanda. Kwa kazi hiyo Huggins alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1966.

Jambo hili si la zamani tu. Hata leo kuizuia homoni ya kiume ndiyo tiba ya kwanza ya saratani ya tezi dume iliyoenea, Chicago, Kampala na hapa kwetu.

5. KWA NINI LEO HUPIMWA PSA?

Mkienda hospitali leo, mara nyingi hamtasikia habari ya fosfatasi ya asidi. Mtasikia herufi tatu: PSA. Hicho nacho ni kimeng'enya cha tezi dume, lakini ni kingine. Kazi yake ni kuyayeyusha manii yaliyoganda, ili mbegu ziweze kwenda. Nacho pia huvuja na kuingia katika damu tezi ikiharibika.

Waganga walibadili kwa sababu mbili. Ya kwanza, fosfatasi ya asidi mara nyingi haikupanda mpaka saratani ilipokuwa imekwisha kuenea. Ilikuwa kengele iliyolia nyumba ikiwa imeungua nusu. PSA hupanda mapema zaidi. Ya pili, kipimo cha zamani kilikuwa kigumu kutunza. Damu ikikaa katika joto, nguvu ya kimeng'enya hupotea. Na chembe nyekundu za damu zina fosfatasi ya asidi yao wenyewe. Zikipasuka katika chupa, hesabu hupanda kwa uongo. Huko Marekani PSA ilikubaliwa mwaka 1986 kwa kuwafuata watu waliokwisha kujulikana kuwa na saratani, na mwaka 1994 kwa kusaidia kuitafuta.

Lakini mtumishi wa kwanza hakusahauliwa. Mwaka 2010 Marekani ilikubali tiba iitwayo sipuleucel-T. Huchukua chembe nyeupe za damu ya mgonjwa, huzifundisha kuitambua fosfatasi ya asidi ya tezi dume, kisha huzirudisha mwilini zipigane na saratani. Wagonjwa waliopewa waliishi kwa wastani miezi minne zaidi. Gharama yake ilikuwa dola 93,000 kwa mtu mmoja. Nayasema haya ili mtu asidanganywe na mchuuzi anayeuza "chanjo ya tezi dume" sokoni. Tiba hiyo haiuzwi katika chupa, wala haipiti katika soko letu.

6. SHAHIDI MMOJA HATOSHI

Wazee wetu wakihukumu kesi ya shamba hawasikilizi shahidi mmoja tu. Torati nayo ilitaka mashahidi wawili au watatu. Basi na kipimo cha damu ni shahidi, si hakimu.

PSA hupanda kwa saratani. Lakini hupanda pia kwa mambo haya:

(a) tezi iliyokua kwa uzee;
(b) ugonjwa wa vijidudu katika tezi au katika mkojo, kama yule mzee wa pili;
(c) mkojo uliozibwa, na mpira wa kukojolea, yaani sonda, uliowekwa hivi karibuni;
(d) kumwaga manii siku moja au mbili kabla ya kupima.

Tena yuko mtu mwenye saratani ambaye PSA yake haikupanda. Kwa hiyo karatasi yenye hesabu kubwa haisemi, "Utakufa." Na karatasi yenye hesabu ndogo haisemi, "Huna neno kamwe." Husema tu, "Nenda kwa daktari, mkaite mashahidi wengine."

Shahidi wa pili ni kidole cha daktari. Hapa ndipo wanaume wengi hukimbia. Sikilizeni. Daktari huvaa mpira mkononi, hutia mafuta, huingiza kidole kimoja katika njia ya haja kubwa, na huigusa tezi dume kwa nyuma. Huchukua muda mfupi, hata dakika moja haifiki. Hupima kama tezi ni laini au ngumu, sawa au ina vinundu. Si jambo la aibu, wala halimpunguzii mwanaume uanaume wake. Mama zetu huvumilia kupimwa mara nyingi wakati wa mimba. Je, sisi tutashindwa na mara moja?

Shahidi wa tatu ni kipande kidogo cha tezi kinachotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa darubini. Huyu ndiye anayeweza kusema kwa hakika, "Ni saratani," au, "Katika kipande hiki hakuna."

7. KATIKA MANII: MAMBO MAWILI YA KUJUA

Tumesema kwamba fosfatasi ya asidi imo kwa wingi katika manii. Kwa sababu hiyo yatupasa kujua mambo mawili zaidi, ya vijana na ya mama zetu.

Jambo la kwanza ni la UKIMWI. Mwaka 2007 wanasayansi wa Ulm, Ujerumani, walionyesha kwamba vipande vya kimeng'enya hiki vikivunjika hushikana na kuwa nyuzi ndogo mno. Katika chupa za maabara, nyuzi hizo zilivikamata virusi vya UKIMWI na kuvisaidia kushika chembe za mtu kwa urahisi zaidi. Wengine waliona baadaye kwamba nyuzi za manii hukamata pia mbegu zilizoharibika, ili ziondolewe. Basi kitu chenye faida mwilini chaweza kutumiwa na adui. Fundisho kwetu ni lile lile: manii ya mtu mwenye virusi asiyetumia dawa yana hatari. Kaeni waaminifu katika ndoa, pimeni damu kabla ya kuoana, tumieni kondomu palipo na shaka. Aliye na virusi ameze dawa kila siku. Virusi visipoonekana tena katika damu yake, havimfikii mwenzake kwa tendo la ndoa.

Jambo la pili ni zito. Katika Ituri yetu mama na wasichana wengi wametendewa kwa nguvu na watu wenye silaha, na wengine na watu wa nyumbani. Tangu miaka ya 1940 kimeng'enya hiki kimetumika kutafuta alama za manii juu ya nguo na mwili. Dawa hudondoshwa juu ya alama, nayo ikigeuka kuwa ya zambarau upesi, yaonyesha kwamba huenda ni manii. Mwilini alama hiyo hupungua haraka, na kwa kawaida baada ya siku tatu haionekani. Juu ya nguo kavu hukaa zaidi. Lakini hata hapa shahidi mmoja hatoshi, kwa kuwa mwili wa mwanamke una kidogo cha fosfatasi ya asidi pia. Tena alama isipoonekana, haina maana kwamba mama amesema uongo.

Basi msichana au mama akitendewa hivyo, jamaa wafanye hivi. Wasimlaumu. Wasimwambie anyamaze ili kulinda jina la ukoo. Wamlete hospitali siku ile ile, kabla ya kuoga ikiwezekana. Nguo zake zisifuliwe. Zikaushwe na kutiwa katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki huozesha. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI yapasa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora. Dawa ya kuzuia mimba hufaa mpaka siku ya tano. Akiwa ameoga, au siku zimepita, aje tu. Kutibiwa hakungoji ushahidi. Sheria ya Kongo namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 yaadhibu tendo hili vikali. Kulipana mbuzi kati ya jamaa mbili hakuifuti sheria.

8. NI LINI MWANAUME AJE HOSPITALI?

Sasa tuwarudie baba zetu. Saratani ya tezi dume si ugonjwa wa Wazungu. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu karibu milioni 1.5 duniani waliipata, na karibu 397,000 walikufa kwayo. Katika Kongo yetu ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi kuliko saratani nyingine. Huko Kampala, ambako saratani zimeandikishwa tangu miaka ya 1950, imeonekana ikizidi mwaka kwa mwaka.

Mwanzoni saratani hii haina maumivu, wala dalili. Kwa hiyo mwanaume aliyefika miaka 50 azungumze na daktari juu ya kupimwa. Ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja alikuwa nayo aanze kwa miaka 45. Si kila mtu ni lazima apimwe. Mzee sana, au mwenye ugonjwa mwingine mzito, huenda kipimo kisimfae, maana saratani nyingine hukua pole pole mno, na mtu huzeeka na kufa kwa jambo jingine. Ndiyo sababu twasema "azungumze", wala hatusemi "ashurutishwe".

Aje upesi mwenye dalili hizi:

(a) mkojo unatoka kidogo kidogo, au unachoma, au una damu;
(b) maumivu ya mgongo, nyonga au mbavu yanayozidi usiku na yasiyoisha kwa kupumzika;
(c) kukonda bila sababu.

Aje siku ile ile, hata usiku, mwenye mojawapo ya hizi mbili: mkojo umezibika kabisa; au miguu inapoteza nguvu na kufa ganzi pamoja na maumivu ya mgongo. Miguu ikianza kulegea, kila saa ina thamani. Mzee wetu wa kwanza, kama angaliletwa siku miguu ilipoanza kutetemeka, labda angalitembea.

9. TIBA ZIPO

Kwa tezi iliyokua kwa uzee kuna vidonge vya kulegeza njia ya mkojo. Kuna sonda kwa mkojo uliozibika. Kuna na upasuaji. Msikubali mtu awatie kijiti au mrija nyumbani.

Kwa saratani iliyo bado ndani ya tezi kuna upasuaji na kuna mionzi. Mionzi hupatikana Kampala, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda huko Mulago. Ni safari ya gharama. Jamaa wakae pamoja wahesabu kabla ya kuuza kitu.

Kwa saratani iliyoenea, kumbukeni neno la Huggins: homoni ya kiume ikizuiwa, saratani hunyamaza. Hilo hufanywa kwa sindano kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji mdogo wa kutoa korodani mara moja tu. Najua neno hili ni gumu. Mzee mmoja aliniambia, "Afadhali nife mzima." Nikamjibu, "Baba, wajukuu wako hawakuiti babu kwa ajili ya korodani." Akacheka, akaomba muda, akarudi na mke wake. Upasuaji huo hauondoi saratani kabisa, lakini humpa mtu miezi mingi, hata miaka, bila maumivu yale. Una taabu zake: tamaa ya ndoa hupungua, joto hupanda mwilini ghafula, mifupa hudhoofika. Yafaa mume na mke waambiwe pamoja kabla, si baada.

Na hata kama hakuna tiba ya kuponya, iko dawa ya maumivu. Mtu asiachwe kulia usiku kwa sababu eti "hakuna la kufanya".

YA KUKUMBUKA

Mtumishi mwema ndani ya nyumba yake ni afya. Mtumishi yule yule akizagaa barabarani ni habari ya kuulizwa. Kuuliza ni kazi ya mashahidi wengi, wala si ya karatasi moja. Na anayeuliza mapema hupata jibu lililo jepesi zaidi.

MASWALI

1. Kimeng'enya ni nini? Toa mfano wa mate na muhogo.
2. Fosfatasi ya asidi hufanya kazi gani katika mtu mwenye afya? Taja mbili.
3. Kwa nini kimeng'enya cha tezi dume kuonekana kwa wingi katika damu ni ishara ya kuangaliwa?
4. Taja mambo matatu yasiyo saratani yanayoweza kupandisha PSA.
5. Mzee wa kwanza alikosea wapi? Mzee wa pili alikosea wapi?
6. Msichana aliyetendewa kwa nguvu aletwe hospitali kabla ya saa ngapi ili aanze dawa ya kuzuia virusi? Nguo zake zitunzwe namna gani?
7. Ni dalili gani mbili zinazomfanya mwanaume aletwe siku ile ile?
8. Nyumbani kwako kuna mzee anayeamka mara nyingi usiku kwenda kukojoa? Leo jioni utamwambia nini?